Pigo la Kwaheri

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mliokubali kukaa kwenye viti vya plastiki pamoja na vijana, bassebo na bannyabo, kaka na dada: asanteni kwa kunialika. Nimepewa dakika arobaini nizungumze juu ya jambo ambalo nje ya ukumbi huu halimnyimi mtu usingizi: nani ana haki ya kumpiga nani pale mtu anapoondoka mbele ya adui. Dereva wa boda aliyenileta kutoka Ntinda aliuona mfuko wangu wa makaratasi akadhani naenda kuhubiri. Nikamwambia naenda kufundisha sheria za kupigana. Hakuniuliza tena kitu mpaka tumefika, na chenji yangu alinirudishia upesi kuliko siku zote.

Wageni waliokuja leo kwa mara ya kwanza, msiogope. Mchezo wetu ni hadithi inayosimuliwa na watu watano au sita wakiizunguka meza. Kila mmoja ana mhusika wake, na mmoja ni mwendesha mchezo, anayeibeba dunia yote iliyobaki: majoka, wafalme, mvua, wenye maduka. Jambo lenye shaka huamuliwa na dadu ya pande 20. Unairusha, unaongeza namba ya ustadi wako, na ukifikia kiwango cha kinga cha adui umempiga. Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na umeandikwa upya mara kadhaa. Kumbukeni hilo la kuandikwa upya. Nusu ya ugomvi wetu umezaliwa hapo.

Nusu ya pili imezaliwa na Kiswahili, tena Kiswahili changu mimi.

Klabu yetu inacheza kwa lugha hii kwa sababu ndiyo inayomkutanisha Muganda, Mkongo wa Makindye, Mkenya anayesoma hapa na mtu wa Busia kama mimi, bila mmoja kumtafsiria mwenzake kila dakika. Wengi wetu tulikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari: simama hapo, toa kitambulisho, kaa chini. Hapa Uganda Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, katiba ikarekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na bado ukikitumia kwenye taksi kuna abiria anayekaza mkono kwenye pochi yake. Kwa mchezo wa mapanga na mizimu, kwa kweli, lugha hiyo inafaa sana. Tatizo ni kwamba sheria zilitufikia kwa Kiingereza, na kila mwendesha mchezo alijitafsiria mwenyewe, usiku, kwa haraka, akiwa na wachezaji watakaofika kesho yake saa nane.

Mimi nilipofika kwenye shambulio hili la leo, lile la kumpiga adui anayekukimbia, nililiandika kwenye karatasi yangu "pigo la nafasi". Nikaridhika nalo. Hebu lisikilizeni tena: nafasi. Kwa Kiswahili nafasi ni upenyo unaoupata, kama ukisema sikupata nafasi ya kukupigia simu. Na nafasi ni mahali, kama ukisema sogea, nipe nafasi nikae. Sheria ilikuwa na maana ya kwanza. Mimi, bila kujua, nikaanza kuitumia kwa maana ya pili. Ramani yetu imechorwa miraba, kila mraba ni futi 5, na kila mraba ni nafasi. Basi ikawa kila mtu akitoka nafasi moja kwenda nyingine karibu na adui, adui ana haki ya pigo. Neno moja likanibebea sheria nzima mahali isikotakiwa kwenda.

Nikawaendeshea watu mchezo hivyo karibu miaka miwili. Matokeo yake waliokuwapo wanayakumbuka: vita vyetu vilikuwa vya miti. Mkikutana na adui, kila mtu anasimama alipofika, anarusha dadu, anangoja zamu yake, anarusha tena. Hakuna aliyethubutu kuzunguka, wala kumkimbilia mwenzake aliyeanguka.

Isipokuwa dada mmoja.

Yupo ukumbini, na ameniruhusu kusimulia mradi nisimtaje jina. Alikuwa anasomea uuguzi wakati ule, na mhusika wake alikuwa mganga wa daraja la tatu mwenye pointi 24 za uhai. Meza yetu ilikuwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, miraba imechorwa kwa rula na kalamu ya wino. Wahusika walikuwa vifuniko vya soda, kila mmoja na rangi yake. Ogre, yaani lile zimwi kubwa lenye rungu, alikuwa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, kwa sababu yeye huchukua miraba minne. Ogre amesimama mwanzo wa daraja la kuvukia. Upande wake wa pili amelala mpiganaji wetu, ameishiwa pointi, anavuja damu. Mganga yuko upande huu.

Dada akasema: "Nampita ubavuni, nafika kwa mwenzangu, namponya." Akakishika kifuniko chake kwa vidole viwili, akakisogeza mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu, vyote vikigusana na ogre. Mimi nikainua mkono: ngoja. Nikarusha dadu kwa mraba wa kwanza. Ogre kapiga, pointi 12. Nikarusha kwa wa pili, akakosa. Nikarusha kwa wa tatu, pointi 13. Mganga akaanguka akiwa amebakiza mraba mmoja kumfikia mgonjwa wake. Ikaja zamu ya ogre, nami kwa ukatili wa mtu anayejiona anafuata sheria nikampiga mganga pale alipoangukia, na pigo la karibu juu ya mtu aliyezimia huhesabiwa kama kufeli mara mbili kati ya tatu zinazotosha kukuua. Zamu yake ilipofika akarusha dadu ya kuokoa roho. Ikatoka 7. Chini ya 10 umefeli. Mganga akafa.

Hakulalamika. Aliikunja karatasi ya mhusika wake mara nne, akaitia kwenye mkoba, akatuaga vizuri kabisa. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Alirudi baada ya miezi, mkononi ana kurasa za sheria zilizochapishwa, mstari mmoja umepigwa kalamu ya njano. Akaniwekea mezani. Kila ninachowaambia sasa kinatoka kwenye mstari ule.

Sheria inasema hivi, kwa Kiswahili changu cha leo. Adui unayemwona anapotoka nje ya upeo wako, unaweza kutumia jibu lako, yaani tendo la papo hapo nje ya zamu yako, kumpiga mara moja kwa silaha ya mkononi. Pigo hilo linatokea dakika ile ile kabla hajatoka.

Ni fupi, lakini ina mitego, na mtego mkubwa ni lile neno "anapotoka".

Upeo ni umbali ambao silaha yako inafika bila wewe kuhama ulipo. Kwa watu wengi na viumbe wengi ni futi 5, yaani miraba inayokugusa pande zote pamoja na ya pembeni. Mwenye silaha ya mpini mrefu, kama panga lililofungwa kwenye mti, ana futi 10. Sasa chukueni mfano wa Owino. Umeingia sokoni, umefika kwenye meza ya muuza mashati. Unashika hili, unaacha, unaizunguka meza, unalivuta lile la chini. Muuzaji anakuangalia tu. Hata ukizunguka mara tatu hakugusi. Lakini jaribu kumpa kisogo uende meza ya jirani: papo hapo mkono uko kwenye kiwiko chako, "kastoma, njoo nikupunguzie". Huo ndio mchezo wenyewe. Mkono hauji kwa sababu unatembea. Unakuja kwa sababu unaondoka. Mganga wetu alikuwa anaizunguka meza ya mashati. Miraba yake yote mitatu ilikuwa ndani ya upeo wa ogre, hakutoka hata mara moja, na mapigo aliyostahili ni sifuri.

Basi nimeliacha lile jina la nafasi. Siku hizi naliita pigo la kwaheri. Mtu akiniuliza mezani "hapa napigwa?", namuuliza naye "unamuaga?" Akisema simuagi, nabaki naye tu, basi hapigwi. Wengine wanapendekeza "pigo la kisogo", na ni zuri masikioni, lakini silitaki: linawafanya watu wafikirie mgongo na uso, wakati sheria hizi hazina habari na umeelekea wapi. Ukirudi kinyumenyume ukimkazia macho, umeondoka vile vile.

Mtego wa pili ni jibu. Kila mhusika ana jibu moja, na likishatumika halirudi mpaka zamu yake mwenyewe ianze tena. Moja tu. Yule muuzaji wa Owino ana mkono mmoja wa kushika viwiko. Akishamshika kastoma huyu, wewe pita. Kwa hiyo hata kama mganga angekuwa kweli anatoka, ogre wangu alikuwa na haki ya pigo moja, na mimi nilimpa matatu. Mpiganaji wa daraja la tano, ambaye kwa kawaida anapiga mara mbili kwa zamu, anapotumia jibu hili anapiga mara moja kama wengine, kwa sababu uwezo wa kupiga mara mbili unamjia anapochukua kitendo cha kushambulia katika zamu yake, na hii siyo zamu yake.

Kutoka hapo kuna ujanja ambao nataka vijana wakae nao, maana ndio unaovifanya vita viwe na utamu. Tuseme ogre amewabana wawili: mpiganaji mwenye vazi la minyororo mwilini na ngao mkononi, kinga yake 18, na mwanafunzi wa uchawi mwenye kinga 12 na pointi 12 za uhai. Wote wanataka kutoka. Ogre anaongeza 6 kwenye dadu yake. Kumpata mpiganaji anahitaji 12 au zaidi, yaani namba 9 kati ya 20. Kumpata mchawi anahitaji 6 au zaidi, yaani namba 15 kati ya 20, na wastani wa pigo lake ni pointi 13, ambazo mchawi hana. Akitoka mchawi kwanza, huenda tunazika. Akitoka mpiganaji kwanza, ogre anamrukia yeye, jibu limeisha, na mchawi anaondoka nyuma yake akitembea kama anayetoka kanisani. Mpangilio wa zamu hauwaruhusu kila mara, najua. Lakini ukiwaruhusu, msiuache.

Mtaniuliza: na ogre akikataa kumpiga mpiganaji, akalitunza jibu lake kwa mchawi? Anaweza. Jibu ni hiari, halimlazimishi mtu. Hapo mwendesha mchezo awe mwaminifu. Kwenye kipimo cha akili ogre ana 5, wakati mtu wa kawaida ana 10. Huyo hangoji. Ukiwaendeshea majenerali wa zamani waliogeuka mizimu, hao wangoje.

Mtego wa tatu: atoke kwa nguvu zake mwenyewe. Akihama kwa miguu yake, au kwa kitendo chake, au kwa jibu lake, anapigwa. Akisukumwa, akivutwa, akianguka kutoka juu akipita mbele yako, hapigwi. Kuna uchawi wa ngurumo unaomrusha adui futi 10 nyuma. Yule anayerushwa hapigwi na mtu njiani, maana hakuaga, amefukuzwa. Anayetoweka hapa na kutokea pale kwa uchawi hapigwi pia, kwa kuwa hakuupita mpaka wa upeo, ameuruka. Lakini upo uchawi wa mnong'ono wa kutisha unaomlazimisha adui kutumia jibu lake mwenyewe kukimbia. Huyo anapigwa, ingawa hakupenda kukimbia, kwa sababu miguu ni yake na jibu ni lake. Juu ya hili tulibishana hapa mpaka umeme ukakatika, na nawaambia kwa utulivu kabisa kwamba aliyesema anapigwa ndiye aliyekuwa sahihi. Hakuwa mimi.

Mtego wa nne ni macho. Lazima umwone. Giza nene, ukungu wa kichawi, adui asiyeonekana: anaondoka salama hata ukimsikia anavyohema.

Na kuna mlango wa heshima wa kutokea, kitendo cha kujinasua. Unatumia kitendo chako cha zamu hiyo kwa ajili hiyo tu, na kwa zamu nzima iliyobaki mwendo wako hauzai pigo la mtu yeyote. Bei yake ni kwamba hukupiga wala hukuroga. Kwa wengi bei hiyo ni ghali. Lakini goblini, wale wadogo wenye kelele, wana kipaji cha kujinasua kwa kitendo cha ziada kila zamu. Kwa toleo la mwaka 2014 goblini ana pointi 7 za uhai na kinga 15. Akichoma na kurudi vichakani, akachoma tena na kurudi, kundi la wanne linawatesa wahusika wa daraja la pili mpaka watu wanaomba mchezo ubadilishwe. Waendesha mchezo wengi wanamsahau kipaji hicho wanamwacha asimame kama kigingi. Nami nilikuwa mmoja wao. Wachezaji wangu wa zamani, msishukuru, nimeshajua sasa.

Sasa niwatetee kidogo waliokosea kama mimi, maana kosa letu lina baba. Kijitabu changu cha kwanza kilikuwa nakala ya fotokopi ya sheria za mwaka 2003, iliyopita mikono mingi mpaka kurasa za kati zikawa rangi ya chai. Kwa sheria zile, mtu aliyetoka kwenye mraba uliokuwa chini ya tishio lako alipigwa, hata kama mraba aliouingia ulikuwa chini yako vile vile. Aliyekunywa dawa karibu nawe alipigwa. Aliyeroga karibu nawe, aliyevuta upinde, aliyeinuka kutoka chini, wote walijiingiza. Kufikia toleo la mwaka 2014 karibu yote hayo yalikuwa yamefutwa, kukabaki kuondoka. Kunywa dawa yako. Inuka. Roga. Upinde nao unaweza kuuvuta adui akiwa puani pako, isipokuwa utarusha dadu mbili na kuchukua ile ndogo. Marekebisho ya mwaka 2024 yameibakiza sheria hiyo vile vile na kuisema kwa maneno yaliyo wazi zaidi.

Ila nisijifiche nyuma ya kijitabu cha rangi ya chai. Hata kwa sheria zile za zamani, kutoka kwenye miraba kadhaa ya adui yule yule ndani ya mzunguko mmoja wa zamu za wote kulihesabiwa kama nafasi moja ya kupiga. Moja. Mapigo yangu matatu hayakuwamo katika toleo lolote. Niliyatunga.

Walio na mchezo wa Pathfinder, nawaona pale nyuma mnavyotabasamu. Kwenu, toleo la pili, pigo hili si haki ya kila mtu. Mpiganaji analo tangu daraja la kwanza, wengine wengi hawana, na linachochewa na mambo mengi kuliko letu. Kwa hiyo mkija kwenye meza yetu, acheni mazoea yenu mlangoni pamoja na viatu.

Kuna vipaji vinavyoipindisha sheria, na nitavipita haraka kwa sababu vimeandikwa vizuri na ugomvi wake ni mdogo. Mwenye kipaji cha ulinzi akikupata kwa pigo la kwaheri, mwendo wako unakuwa sifuri kwa zamu ile: umeaga lakini huendi. Tena kujinasua hakukuokoi kwake. Mwenye kipaji cha silaha za mpini mrefu anaweza kukupiga unapoingia kwenye upeo wake, kwa hiyo yeye ana pigo la karibu na pigo la kwaheri, ingawa jibu lake bado ni moja. Na mwizi, yule wa kuvizia: pigo lake la kuvizia linaruhusiwa mara moja kwa zamu. Sikusema kwa mzunguko. Zamu ya adui ni zamu nyingine. Kwa hiyo mwizi aliyevizia kwenye zamu yake anaweza kuvizia tena kwa pigo la kwaheri, kama masharti yametimia, kwa mfano kuna mwenzake aliyesimama jirani na adui huyo. Waendesha mchezo hulia wakisikia hivyo. Wacha walie, ndivyo ilivyoandikwa.

Mzee mmoja ameinua mkono. Naam, mzee wangu? Anauliza: kama namwona adui anakuja mbio na rungu, kwa nini ningoje aage, nisimpige anapofika? Swali zuri. Unaweza, mzee, bila kipaji chochote, ila ulipe. Katika zamu yako unasema: najiandaa, akiingia upeoni mwangu nampiga. Umetumia kitendo chako, na akiingia utatumia na jibu lako. Asipoingia, umepoteza zamu umeinua panga hewani. Inafaa sana kwenye mlango mwembamba. Uwanjani ni hasara.

Na wewe ndugu yangu mwenye helmeti magotini? Anauliza: mimi nimepanda farasi, farasi ndiye anayeondoka, nani anapigwa? Nilijua dereva wa boda ataliuliza. Farasi akisababisha pigo, mpigaji anachagua: akupige wewe au ampige farasi. Kama barabarani, hakuna anayekuuliza unapendelea kuumia wewe au pikipiki. Lakini farasi unayemwongoza anaruhusiwa kuchukua kitendo cha kujinasua yeye, na wewe juu yake ukabaki na kitendo chako mwenyewe. Yeye anajinasua, wewe unapiga, mnaondoka pamoja bila kuguswa. Ni mojawapo ya mambo matamu kabisa katika sheria hizi, na sijawahi kuona mtu wa meza yetu akilitumia. Naona umelitoa daftari.

Kabla sijashuka, habari ya kurasa. Tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo la 2014 zimewekwa wazi kwa leseni huria. Unaruhusiwa kuzinakili, kuzitafsiri, hata kuzichapa na kuziuza, mradi utaje zilikotoka. Maana yake tunaweza kuzitia kwenye Kiswahili sisi wenyewe, tukazipeleka Nasser Road zikachapwa na kushonwa, na kila meza ikawa na nakala moja badala ya kumtegemea mtu mmoja na karatasi yake ya usiku. Nimeanza sura ya mapigano. Nataka watu watatu wa kunisahihisha, na natamani mmoja awe wa upande wa Bunia, kwa sababu maneno yao ya vita ni makali kuliko yetu. Karatasi ya majina iko kwa mwenyekiti.

Jambo la mwisho si la hotuba. Meza ile imeandaliwa pale kando ya dirisha, mnaiona. Ni kalenda ile ile, daraja lile lile, na kifuniko kile cha maziwa ya unga. Wachezaji wa siku ile tumekaa, tukakubaliana kuirudia zamu ile kama ilivyostahili kuchezwa. Mganga ana pointi zake zote 24. Mpiganaji bado amelala upande wa pili. Ogre amesimama, jibu lake liko mkononi, na mimi ndiye ninayemwendesha.

Dada, karibu mezani. Ni zamu yako.